Eda ya Dubu

Jana mjukuu wangu Raya kapita kunitazama alipotoka skuli. Kanikuta nimefunga mapazia yote mawili, nimejipangia mito kwenye pembe ya chumba, mmoja wa mgongo, mmoja wa goti, na mmoja ambao hauna kazi ila kuwepo. Akasimama mlangoni na begi lake begani, akanitazama, akasema, "Bibi, umekuwa kama dubu." Nilicheka mpaka mama yake akatoka jikoni mbio akidhani nalia. Nilikuwa nafanya yote mawili, lakini hilo sikumwambia. Nimekaa eda ya mume wangu Khalfan, hapa hapa Maskati kwenye fleti yetu ya Ruwi, na tangu azikwe nimeletewa biriani ambazo ningezifungulia mkahawa. Wanawake wanaokuja kunipa pole hunishika mkono, huniombea dua, kisha huenda kukaa chumba cha pili na kuzungumza kwa sauti, kana kwamba mtu akikaa eda hufungwa na masikio. "Marehemu si alikuwa mtu wa bara?" "Wa Tabora. Lakini mtu mzuri." Hiyo "lakini" nimeisikia miaka yote ya ndoa yangu, kwa watu wale wale waliorudi Omani kutoka Unguja na kujiona wao ndio waliorudi vizuri zaidi. Nilidhani angalau matangani wangeiacha nyumbani.

Mtoto hajui alichokisema. Maishani mwangu nimejuana na dubu mmoja tu, na huyo naye alikuwa eda, na bila yeye Raya asingekuwa na babu.

Mwaka ule nilikuwa msichana wa dukani. Duka lilikuwa la shangazi yangu Zuwena, mtaa wa Hamriya, kwenye uchochoro wa nyuma ambako malori yalikuwa hayanyamazi, na tulikuwa tukiuza magodoro, mito na matakia ya majlisi, yaani sebule ya wageni. Magodoro ya sponji yalisimamishwa ukutani kama watu waliokuja kudai, na nyuma, kwenye chumba kisicho na dirisha, kulikuwa na magunia ya sufi ambayo shangazi alikuwa akiyaagiza kwa njia zake. Tulikula mchana juu ya meza ya kukatia vitambaa: wali, samaki aliyeletwa na mwanamke mmoja kutoka Sidab, pilipili iliyosagwa na ndimu, na nyuzi mbili tatu za sufi ambazo hatukuwa tukiziona tena. Kazi yangu ilikuwa kutaja bei, kisha kunyamaza na kutojitikisa mpaka mteja achoke. Shangazi ndiye aliyenifundisha kuhesabu mito mara mbili, mara moja mteja akitazama na mara moja akishageuka. Mpaka leo nahesabu hivyo. Hata vikombe vya kahawa vya hao wanaonipa pole.

Joto lilikuwa limeanza kuvunjika, ile wiki ambayo Maskati nzima inazima viyoyozi na kufungua madirisha kwa mara ya kwanza, ndipo Khalfan alipoingia dukani. Kijana mrefu, kanzu yake ya dishidashi imejaa vumbi la shamba, kofia imekaa upande. Shangazi alikuwa kwenye cherehani, na nje lori lilikuwa linarudi nyuma.

"Shikamoo mama. Natafuta godoro la zamani, au hata vile vitu mnavyojazia mito. Ni kwa ajili ya dubu."

Shangazi hakuinua mguu kwenye cherehani. "Bubu?"

"Ndiyo, dubu. Yuko shambani kwa arbabu, tajiri wangu, njia ya Sibu. Jike."

Cherehani ikasimama. "Jike? Mwanamke unamwita jike? Nyinyi watu wa bara hamkufundishwa adabu?"

"Samahani, mama," akasema, ingawa niliona hajui anaomba samahani ya nini. "Mume wake amekufa mwezi uliopita. Joto lilimshinda. Tangu hapo huyu hali vizuri, anakokota kila anachokiona anakipeleka kwenye stoo ya nyuma. Juzi amechukua kandambili zangu. Akishaingia, anajizibia mlango kutoka ndani."

"Hana jamaa?"

"Hapa? Hana. Waliletwa wawili tu, kwa meli."

"Na hasemi."

"Hasemi," akacheka. "Angesema nini?"

Shangazi Zuwena alikuwa mjane tangu mimi sijazaliwa, na alikuwa na mambo mawili asiyoyafanyia mzaha: ujane na uzito wa sufi. Alimtazama yule kijana anayecheka, akaniambia mimi, kwa sauti ya chini ambayo ilikuwa mbaya kuliko kelele, "Msikie. Mjane kizuka, bubu, hana mtu, wanamlaza stoo, na wanakuja kumtafutia godoro bovu." Akaniamrisha nitoe godoro jipya la sufi. Akafungua sanduku lake mwenyewe akatoa kanga mbili nyeupe. Akatia sabuni isiyokuwa na harufu, kwa sababu mwanamke aliye eda hajitii manukato, na akaufunika wali wetu wa mchana pamoja na samaki wake. Khalfan aliniambia baadaye kwamba alishangaa, lakini alikuwa mgeni Maskati na akadhani ndivyo wauza magodoro wa mjini wanavyofanya. Tukapanda pikapu lake. Shangazi akakaa katikati yetu, mkoba mapajani, kama ukuta uliojengwa kwa kibali cha manispaa.

Nyuma ya shamba, baada ya mitende na banda la mbuzi, kulikuwa na uwanja wa sementi uliozungushiwa vyuma, na mwisho wake stoo ya matofali iliyokuwa zamani ya pampu ya maji. Shangazi akasimama kwenye vyuma na sufuria yake. "Hodi!" Akagonga chuma. "Hodi, bibi!" Mlango wa stoo ulikuwa umezibwa kwa makuti makavu, na yale makuti yakaanza kusogea. Ikatoka pua. Kikafuata kichwa, kisha kifua chenye alama nyeupe kama mwezi mwandamo, na nyuma yake weusi ambao haukuwa ukiisha kutoka.

Shangazi akamgeukia Khalfan.

"Kijana. Huyu ndiye bubu?"

"Ndiyo huyu. Dubu."

"Dubu."

"Dubu, mama."

Aliitazama sufuria. Aliniangalia mimi, nikaangalia mitende. Khalfan ndiyo kwanza anaelewa, na niliona anapigana na kicheko kama mtu anayezuia kwikwi mbele ya maiti. Ningemsamehe kama kingemshinda, lakini alikizuia, na nadhani hapo ndipo aliponipata. Shangazi akafunua sufuria, akasema, "Chakula kishatoka nyumbani hakirudi." Akampa Khalfan amuingizie. Dubu akala samaki, akaacha wali. Shangazi akamsoma juu mpaka chini, akaona ile alama ya kifuani. "Mwenye eda havai kidani," akasema, "lakini hicho kavishwa na Mungu, hatuwezi kumvua." Tuliporudi Hamriya, pale mlangoni, akamwambia Khalfan: "Mie nnakwambia, na usikie. Nshamtilia nia ya eda yule, na maneno yangu sirudishi. Kafiwa, kajitenga, anatengeneza pa kukaa. Mkamwache."

Nimeuza magodoro kwa watu wengi, na sijapata mteja mgumu kama yule dubu. Lile godoro la sufi alilinusa, akalipasua katikati, akatoa sufi yote nje na akachukua kitambaa peke yake. Sponji alilitupa bila hata kulipasua. Nilimletea majani makavu ya mbuzi. Akayachambua, akaacha nusu. Alichokitaka ni makuti ya mtende na zile nyuzi zinazotoka kwenye shina, na hata hayo alikuwa akiyachukua moja moja, anarudi kinyumenyume mpaka stoo, anayakanyaga, anayazungukia, anatoka tena kutafuta jengine. Khalfan alinieleza kwamba kule wanakotoka dubu hao, baridi inapokaribia hujitayarishia pango na kulala humo mpaka majira yageuke. Maskati baridi yetu ni kujifunika shuka moja alfajiri. Lakini yeye hakuwa akingojea kuihisi. Alikuwa akifanya kazi yake, na kila siku iliyofuata ilikuwa na joto la kumkatalia. Khalfan akaokota kiyoyozi cha dirishani kilichotupwa na arbabu, akakifunga kwenye tundu la ukuta wa stoo, ili dubu adanganyike vizuri kwamba baridi imefika. Mimi nilikuwa nikienda na shangazi kupeleka nyuzi za mtende, kwa sababu tulikuwa tumeagizwa matakia ya majlisi mpya ya arbabu na tulikuwa na kisingizio. Kisingizio hicho hakikutosha kwa siku zote nilizokwenda. Shangazi alijua, alikuwa akisahau futi ya kupimia makusudi ili turudi kuifuata.

Arbabu alikuwa mtu mchangamfu, mwenye tumbo la ukarimu, na baridi ndiyo iliyokuwa msimu wake wa wageni. Watu walikuwa wakija siku za Ijumaa, mazulia yanatandikwa chini ya mitende, nyama inachomwa, watoto wanapelekwa kuona dubu. Sasa wakawa wanapelekwa kuona makuti. Ijumaa ya kwanza alicheka. Ijumaa ya pili alimwita Khalfan akamwambia atoe uchafu wote, azibe mlango wa stoo kwa matofali, dubu akae uwanjani aonekane. Khalfan akaja dukani na habari hiyo, akakaa juu ya gunia la sufi bila kukaribishwa. "Akikosa pa kuingia atazunguka mpaka afe kama mwenzake," akasema. "Nimemwona yule mwingine alivyokufa. Sitaki kuona tena."

Tulikwenda kesho yake, tumechukua sampuli za vitambaa. Arbabu akachagua kile cha ghali, kama nilivyotaka, akaanza kuniteremsha bei, kama nilivyotaka vilevile. Nikamwacha ateremke mpaka pale ambapo kwa kawaida shangazi hujifanya anaumwa kichwa, nikasema kwa Kiarabu changu cha sokoni, "Nakubali. Na dubu unamwacha alipo."

"Dubu kaingiaje kwenye matakia?"

Shangazi akadakia. Akamwambia kwamba yule mnyama kafiwa na mumewe kwenye milki yake yeye, yuko eda, na watu waungwana hawamtoi mjane eda ili wageni wapate kumtazama. Nilidhani atatufukuza. Badala yake alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kilemba. Alikuwa mtu wa kupenda neno zuri, na hilo alilipenda. "Wallahi, hili nitalisimulia. Mpaka lini, mama?"

"Miezi minne na siku kumi, tangu alipokufa mume. Kama binaadamu."

"Kama binaadamu," akasema arbabu, akaweka mkono kifuani. "Namwachia mjane eda yake. Na mito miwili juu."

Mito miwili nilimpa. Njia nzima ya kurudi nilikuwa najiona bingwa.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri kuliko yote niliyowahi kupewa, na sehemu kubwa yake tulikaa nyuma ya ukuta wa matofali bila ya kufanya kitu. Wageni waliletwa kwenye vyuma, arbabu akawaonesha makuti na kuwasimulia habari ya mjane, na wakaondoka wamefurahi zaidi ya wale waliomwona dubu mwenyewe. Shangazi alikuwa akikaa kwenye kiti chini ya mtende, anasinzia kwa heshima. Mimi na Khalfan tulikuwa tukila mkate na chai ya maziwa, tunazungumza kwa sauti ndogo. Alikuwa akisema "kesho kutwa" mimi nikisema "mtondo", na tuligombana siku nzima ni siku gani. Nilimcheka anavyosema "nina". Alinicheka ninavyokata maneno, akaniuliza kama Unguja vokali zilikuwa zikiuzwa. Nikimtazama sasa, kwa macho haya ya chumba kilichofungwa, naona kwamba nusu ya mazungumzo yale yalikuwa hayasemwi. Alikuwa akiweka sikio ukutani, ananionesha kwa kidole nami niweke langu, na tulikuwa tukitazamana hivyo, uso kwa uso, matofali shavuni, tukisikiliza pumzi ya mnyama aliyejificha. Nimeishi na mtu yule maisha yangu yote na sikumbuki kuwahi kuwa karibu naye zaidi ya pale.

Ilikuwa asubuhi moja ya baridi ya kwetu, tumevaa sweta kwa fahari tu, tuliposikia kitu kingine. Sauti nyembamba, mfululizo, inapanda na kushuka. Mie niliijua kabla yake: ilikuwa kama cherehani ya mkono inapozungushwa polepole na mtu anayeogopa kuvunja sindano. Khalfan akaondoka ukutani, uso umembadilika. "Wananyonya," akasema. "Mama Zuwena, amezaa."

Shangazi akaamka kitini. Akanyanyua mikono, akasema kile ambacho kila mmoja wetu angepaswa kukifikiria mwanzo, kwa kuwa ndicho wazee wanachotufunza: kwamba mjane huwekwa eda pia ijulikane kama ana kitu tumboni. "Mnaona? Mnaona? Mlinicheka." Alilia kwa furaha. Khalfan akataka tunyamaze, asijue mtu, mpaka dubu atoke mwenyewe na watoto wake, na hiyo ingechukua muda kupita ule tulioahidiwa. Lakini arbabu alikuwa na masikio, na alikuwa na wageni, na sauti ile haikuwa ikinyamaza.

Alikuja na uso wa mtu aliyepokea zawadi. "Fungua nione watoto."

"Bado wadogo mno, arbabu," Khalfan akasema. "Akishtushwa atawakataa. Muda wake haujesha."

"Haujesha?" Arbabu akamgeukia shangazi, na wala hakukuwa na ubaya usoni mwake. Ningependa kusema ulikuwepo. Alikuwa anatabasamu kama mtu anayemalizia shairi alilolianza mwenzake. "Mama, wewe ndiye uliyenifundisha. Mjane mwenye mimba, eda yake inakwisha lini?"

Shangazi alifungua mkoba wake, akaufunga. Nilimwona anatafuta neno.

"Akizaa," arbabu akamjibia. "Mwenye mimba eda yake ni mpaka azae. Si ndivyo?"

"Ndivyo," akasema shangazi.

Nikaingia kati. Nikamwambia matakia yote nampa bure, ya majlisi na ya chumbani. Nikamwambia mwezi mmoja. Nikamwambia wiki mbili. Ile kazi ya kutaja na kunyamaza niliisahau yote. Nilikuwa nateremka peke yangu, na yeye hata hakuwa amefungua mdomo. Akanipiga begani kama baba, akasema, "Binti yangu, neno langu nimelitimiza." Na kweli alikuwa amelitimiza.

Wafanyakazi wengine wa arbabu walitoa makuti kwa uma wa shamba. Dubu hakutoka. Akaletwa mtu na mpira wa maji. Khalfan alisimama mbele ya mlango mpaka wakamwondoa kwa mikono, na alikuwa analia wazi wazi mbele ya watoto wa wageni, ambao walimtazama yeye zaidi. Maji yalipoingia dubu alitoka kwa ukelele ambao siuelezi, akakimbia mpaka mwisho wa vyuma, akarudi, akakimbia tena. Watoto walikuwa wawili, kila mmoja hata kiganja changu hakijazi, karibu hawana manyoya, macho yamefumba. Mmoja alikuwa amekanyagwa katika mshtuko ule. Arbabu akageuza uso. Nadhani hakuwa akijua, na nadhani pia kwamba alikuwa ameambiwa. Wa pili Khalfan alimrudisha juu ya makuti machache yaliyobaki makavu, wakaondoka wote, wakamwacha mama aje amchukue. Alikuja. Alimnusa. Akaenda kukaa pembe nyengine.

Yule mtoto tulimchukua Hamriya ndani ya kofia ya Khalfan. Shangazi akafungua gunia jipya la sufi, akamtengenezea tundu ndani yake, na tulimpa maziwa ya mbuzi kwa kitambaa kilichosokotwa, kwa zamu, tukifunga duka kwa mara ya kwanza tangu nilijue. Khalfan alikuwa akimwimbia kwa Kinyamwezi, wimbo wa yaya wake wa Tabora. Kila alipolia ile sauti ya cherehani tulifurahi, kwa kuwa anayelia yupo. Siku ya pili, baada ya asri, wateja wakigonga mlango na shangazi akiwafokea waende zao, tuligundua kwamba kwa muda kidogo hatujamsikia. Shangazi ndiye aliyemfunika, kwa kipande cha kanga nyeupe. Akaniambia, "Bora nngesema ni dubu tu. Dubu tu, hana eda, hana lolote. Pengine arbabu asingelikuwa na la kunijibu." Mpaka leo naligeuza, na kila nikilipima uzito wake ni ule ule: bila ya lile neno la eda dubu angetolewa siku ya kwanza, na kwa lile neno alitolewa.

Khalfan hakuacha kazi, ingawa nilimwomba. Alisema, nani atabaki naye. Ilipofika baridi iliyofuata tulikuwa tumeshaoana, na nilikwenda naye shambani Ijumaa moja amepakia makuti pikapu zima, makavu, yale marefu ambayo dubu alikuwa akiyapenda. Wageni walikuwepo. Dubu alikuwa amekaa katikati ya uwanja, juu ya sementi tupu, juani, mgongo umeelekea stoo ambayo mlango wake ulikuwa wazi. Arbabu alinisalimia kwa furaha, akaniuliza hali ya shangazi. Akamnyooshea mkono dubu. "Unaona? Mwaka huu hata hajajificha. Amezoea."

Khalfan alishusha makuti, akaingia stoo, akaanza kuyatandika mwenyewe, moja moja, akirudi kinyumenyume, anayakanyaga, anayazungukia, dishidashi imefungwa kiunoni. Watoto wa wageni wakaanza kumcheka. Dubu aligeuza kichwa, akamtazama mpaka alipomaliza na kutoka. Kisha dubu akageuza uso, akawaelekea wageni.